Gari la Mbio Lililolala Mgombani: Namna ya Kutambua Lilikotoka

Simu huwa inakuja hivi: "Kaka, huku Rungwe kuna gari limelala mgombani tangu babu yu hai. Wazee wanasema liliwahi kushinda Safari." Nimeshaitwa hivyo Tukuyu, Mufindi, Chunya na Mbalizi, na kila nikiitwa naenda, maana najua anayekuja nyuma yangu: mnunuzi wa skrepa na mzani wake. Akishalikata kwa gesi, hakuna tena cha kuchunguza.

Mimi ni fundi bodi. Nimenyoosha mabati Mwanjelwa, Mbeya, kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenifundisha kwamba bati halisahau. Kila tundu lililotobolewa, kila mshono uliochomelewa na kila rangi iliyofunikwa bado imo humo. Kinachohitajika ni kujua dalili ipi inasababishwa na nini, na kutokimbilia jibu unalolitamani.

Mashindano yenyewe ya Safari, ya mbio za magari, yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Katikati ya miaka ya 70 yakabaki ndani ya Kenya peke yake. Kwa miaka mingi yalikuwa yakifanyika Pasaka, mvua ikiwa imekolea, kwenye barabara zile zile za malori na mabasi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7, na mwaka 1968 waliomaliza walikuwa 7 tena. Ukilinganisha, magari yaliyoshinda ni machache sana mbele ya yale yaliyokwama, ya mazoezi, na ya mafundi waliobeba spea. Hilo la mgombani lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa miongoni mwa hayo, na linastahili kutambuliwa kwa jina lake halisi.

Kabla hujagusa kitu

Usilioshe. Usilivute kwa trekta. Usiwaruhusu vijana wafungue boneti kwa mtaimbo. Msalimie mwenye eneo, umweleze unachotaka, na upate ruhusa yake kwanza. Rungwe utaanza na "Ugonile", Iringa na Njombe na "Kamwene", na hapo mazungumzo yanafunguka yenyewe. Kisha piga picha pande zote gari likiwa vile vile lilivyo, pamoja na majani yake.

Halafu chukua daftari uchore safu tatu: *Nimeona*, *Nimeambiwa*, *Nadhani*. Kila unachokipata kiingie kwenye safu moja tu. Makosa mengi niliyoyaona, na mengine niliyoyafanya mwenyewe, yalitokea pale jambo la safu ya tatu lilipohamia safu ya kwanza bila mtu kulileta.

Dalili: halina namba wala kadi

Hii ndiyo hali ya kawaida. Sababu zake ni tatu: pleti zilichukuliwa na kufanywa bati la kuzibia, zilitolewa gari liliposajiliwa upya, au zimo bado chini ya rangi. Hiyo ya tatu inasahaulika sana. Zamani watu wengi walipaka namba moja kwa moja kwenye bodi, hasa nyuma ya buti. Nenda jioni au asubuhi na mapema, umulike tochi kutoka ubavuni. Herufi zilizofunikwa kwa rangi huacha ukingo mdogo, na mwanga wa ubavu huuonyesha.

Ukiipata, soma herufi ya mwanzo. Enzi zile namba za Kenya zilianza na K, za Uganda U, za Tanganyika T. Baadaye kwetu zikaja za TZ, na magari ya mashirika ya umma yakabeba SU. Namba ya mtindo wa sasa, T kisha tarakimu tatu na herufi tatu, maana yake gari lilikuwa na kadi hai hata baada ya mwaka 2000, na hapo kuna mtu TRA anaweza kukusaidia. Ukikuta namba ya Uingereza yenye herufi moja mwishoni, usiipuuze: timu ya Ford ilikuwa ikitayarisha magari yake Boreham, Essex, na kuyaleta na namba za huko. J mwishoni ni kati ya Agosti 1970 na Julai 1971, K ni mwaka uliofuata.

Namba ya chesisi ni ushahidi mzito kuliko pleti. Kwa Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, toa siti ya nyuma utazame juu ya handaki la katikati, imegongwa hapo. Kwa Datsun nyingi za enzi hizo, angalia ukuta unaotenganisha injini na abiria. Futa kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Usipeleke grainda wala brashi ya waya ya mashine, maana kina cha namba hizo ni kidogo na kutu imeshakula sehemu. Zisiposomeka, weka karatasi juu yake usugue kwa penseli iliyolazwa. Njia hiyo imenipa tarakimu ambazo jicho halikuziona.

Na hata bila namba, Volkswagen itakutajia umri wake kwa kioo cha nyuma. Kioo kilichogawanyika viwili ni cha kabla ya Machi 1953. Cha umbo la yai ni kuanzia hapo hadi katikati ya 1957. Cha mstatili mkubwa ni baada ya hapo. Nilishaonyeshwa moja karibu na Makambako ikisemwa ndiyo iliyoshinda mashindano ya kwanza, yale ya 1953 ambayo kweli yalichukuliwa na Volkswagen. Kioo chake kilikuwa cha mstatili. Mjadala uliishia hapo, ingawa mwenye gari aliumia, na nikamwelewa.

Dalili: bodi ni ya gari hili, injini ni ya lile

Hapa Nyanda za Juu gari halikuachwa life kwa sababu ya injini. Lilipewa nyingine. Kwa hiyo injini isiyolingana haikatai historia ya mbio, na injini inayolingana haiithibitishi. Itumie kujua maisha ya baadaye.

Mfano ulio wazi ni Datsun 1600 SSS, aina iliyoshinda 1970 ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Injini yake ni L16, yenye kabureta mbili. Lakini L16 iliwekwa pia kwenye magari mengine ya Datsun, zikiwemo pikapu. Basi acha injini uingie chini ya gari. SSS ilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na mkono wake na springi ya koili. Ukikuta springi za mabapa na ekseli nzima inayovuka, hiyo haikuzaliwa SSS hata kama herufi hizo zimebandikwa kwenye buti. Kwa Mitsubishi Lancer ni vivyo hivyo: 4G32 ndiyo injini ya Lancer 1600 GSR aliyoshindia Joginder Singh 1974, lakini utaikuta pia kwenye magari ya kawaida kabisa ya kampuni hiyo.

Peugeot 404 ndiyo inayonipa kazi zaidi, kwa sababu zilikuwa nyingi na kwa sababu zilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Zile za 1966 na 1967 ziliendeshwa na Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, na Shankland alikuwa akiishi Tanzania. Ndiyo maana nchini kwetu kila 404 chakavu huitwa "ya Shankland". Ili kuhakikisha kwanza kwamba ni 404 halisi, mbele hadi nyuma, tazama injini: yake imelala upande kwa nyuzi 45. Kisha fungua difu, lile sanduku la gia la ekseli ya nyuma, kama bado ipo. Ndani utakuta gia ya mnyoo ikizungusha gurudumu la shaba nyeusi. Wauza shaba wanalijua gurudumu hilo, na ndiyo maana difu nyingi utazikuta zimepasuliwa.

Dalili: mabati yana matundu yasiyoeleweka

Hapa ndipo penye utajiri wote, na hapa ukae sana. Gari la shambani nalo hutobolewa, tena ovyo: kufunga kamba, kuning'iniza kitasa, kuzuia mlango. Tundu la mbio lina mpangilio. Limetobolewa kwa drili, kingo zake zimesawazishwa, mara nyingi lina mwenzake upande wa pili, na nyuma yake kuna bati la kuongeza nguvu. Pima umbali kati ya matundu na uyachore, usiyahesabu tu.

Anza na dashibodi upande wa msoma ramani. Matundu mawili au manne karibu na magoti yake, pamoja na tundu la kupitisha waya wa spidomita, ni dalili ya kipimio cha maili. Kilichotumika sana kilikuwa Halda, cha Uswidi, kilichopokea mzunguko kutoka waya huo huo wa spidomita. Kwa hiyo tafuta pale giaboksi inapotoa waya: kama kuna kiungo cha kugawa waya mara mbili, umepata kitu ambacho mkulima hana sababu ya kukiweka. Juu ya hapo, kwenye nguzo ya kioo, angalia tundu la taa ndogo ya kusomea ramani usiku.

Nenda mbele. Taa za ziada huacha vishikio kwenye bampa au mbele ya grili, na huacha nyaya nene zinazorudi hadi swichi na fyuzi za pembeni. Vishikio peke yake havitoshi. Malori na Landrova nazo zilifungwa taa. Nyaya nene zilizopitishwa kwa utaratibu na kufungwa kila baada ya kiganja kimoja ndizo zinazosema fundi alikuwa na muda na maelekezo.

Ingia chini. Bamba la kukinga sampu, beseni la oili chini ya injini, huenda halipo, kwa kuwa ni chuma kizuri, lakini sehemu zake za kufungia hubaki. Tazama juu ya shokapu za nyuma: je, kuna mahali pa kufungia shokapu mbili kila upande? Tazama mishono ya bodi: gari la kiwandani huwa na vidoti vya kuchomelea vilivyoachana, la mbio mara nyingi limeongezewa mshono katikati ya vidoti. Bomba la mafuta likipita ndani ya gari badala ya chini, hiyo ni kuliepusha na mawe. Na ndani ya buti tafuta vifungio vya tairi mbili za akiba, maana moja haikutosha.

Mwisho nenda nyuma, nje, juu ya bampa. Magari ya Safari mara nyingi yaliwekewa vipande vya kukanyagia na vishikio, ili gari likizama kwenye tope msoma ramani aruke nje, asimame nyuma na kulidundisha magurudumu yapate kushika. Nikiona matundu manne yenye bati la nyongeza mahali hapo, nayaandika kwa herufi kubwa. Mtu wa matumizi ya kawaida hawezi kuyahitaji.

Dalili: halina keji, kwa hiyo watu wanasema si la mbio

Kuidai keji, ile fremu ya mabomba inayowakinga waliomo gari likipinduka, ni kosa la kuangalia magari ya leo. Sheria za miaka ya mwanzo zilidai magari yawe karibu sawa na yalivyotoka dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei. Gari la miaka ya 50 bila keji ya mabomba ni jambo la kutarajiwa. Ukiona keji ndani ya gari la enzi hiyo, jiulize nani aliiweka na lini.

Dalili: rangi zimepandana

Chagua mahali palipofichika kidogo, chukua msasa laini wenye maji, usugue duara dogo lenye upana wa sarafu. Rangi zitajitokeza kama pete, moja ndani ya nyingine, ya ndani kabisa ikiwa ya kiwandani. Fanya hivyo mlangoni, kwenye boneti na juu ya paa, kisha linganisha. Mlango wenye pete tofauti na bodi umetoka gari jingine. Katikati ya mlango wa mbele ndipo namba ya mashindano ilipokaa. Duara jeupe au jeusi lisilo na sababu chini ya rangi ya juu ni habari njema. Usisugue namba yenyewe ukaimaliza. Ikishaonekana ukingo, ipige picha kwa mwanga wa ubavu uiache.

Namba ya mlangoni bila mwaka haitoshi. Kila mwaka namba zilipangwa upya.

Dalili: kutu haifanani na mahali lilipo

Tukuyu mvua haikauki, na gari linaoza kuanzia chini ya zulia na ndani ya milango. Chunya ni kukavu. Huko rangi huungua juu lakini sakafu hubaki nzima. Ukikuta Rungwe gari lenye paa lililoungua na sakafu nzuri, limeletwa hapo si zamani sana. Fungua pia mifuko ya chesisi uchokonoe udongo. Udongo wa tabaka la ndani ndio wa zamani. Nimewahi kutoa mchanga mwepesi wa volkano, ule tunaouona huku kwetu, na nyuma yake udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbuga. Niliandika *Nimeona: udongo wa aina mbili*. Lilikotoka nikaliweka safu ya tatu.

Vifaa vya umeme vya Lucas, kampuni ya Uingereza, kama dainamo, stata na distribyuta vina mwezi na mwaka uliogongwa juu yake, kwa mfano 6 68. Tarehe hiyo ni ya kifaa. Inakuhakikishia kwamba gari lilikuwa likihudumiwa wakati huo au baadaye, basi.

Dalili: kila mzee anasema lake

Wazee hawadanganyi, swali ndilo linakuwa baya. Usimwulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Mwulize lilikuja kabla ya Uhuru au baada. Kabla ya Azimio la Arusha? Malori ya mafuta ya Zambia yalikuwa yameanza kupita? Hayo yalijaa barabara yetu baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, njia ikiwa bado vumbi na matope, na hakuna mtu wa Igawa au Mlima Kitonga aliyeyasahau. Lami ilikuwepo? Treni ya TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, ilikuwa ikilia? Vijana walikuwa wameenda vita vya Kagera? Kwa maswali matano kama hayo unapata miaka miwili au mitatu ya kutafuta, badala ya ishirini.

Sikiliza pia neno "mbio". Kwa wengine ni gari lililoshiriki. Kwa wengine ni gari lililokimbia sana likiendeshwa na meneja wa shamba la chai. Mwombe mzee aeleze alichokiona kwa macho: namba milangoni? Watu wawili wenye kofia ngumu? Gari la pili likifuata na spea? Na mtu akikuambia lilipita hapa na Safari mwaka 1982, mpe heshima yake, lakini mashindano hayo yalikuwa yameshahamia Kenya. Huenda aliona mbio nyingine za ndani.

Hata mwaka ukiwa sahihi, njia ilibadilika kila mwaka. Tafuta ramani ya mwaka husika. Magazeti ya Pasaka ndiyo yenye kazi hiyo: Tanganyika Standard, ambalo baadaye likaitwa The Standard na mwaka 1972 likawa Daily News. Nyaraka za Taifa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha East Africana, ndiko pa kuanzia. Nenda na namba ya gari mkononi, uilinganishe na picha.

Dalili: kila kitu kinalingana mno

Rangi sahihi, namba sahihi mlangoni, keji, taa nne, na muuzaji ana haraka. Tazama kichwa cha bolti na ndani ya matundu. Tundu la miaka ya 60 lina rangi ya zamani au kutu ndani yake. La juzi lina chuma kinachong'aa. Gari lililotengenezwa kwa kufananisha si dhambi likisemwa hivyo. Likiuzwa kama lenyewe ni wizi, na unaua uaminifu wa yale machache ya kweli.

Lile la mgombani Rungwe

Ilikuwa 404. Injini yake bado imelala upande, difu imepasuliwa, shaba hakuna. Kwenye buti tulikuta vifungio vya tairi mbili. Kwenye dashibodi matundu manne, mbele ya msoma ramani. Nyuma juu ya bampa hakukuwa na kitu. Milangoni tulisugua pande zote mbili: bluu, nyeupe, kijivu, na hakuna duara. Chini ya bluu ya buti zikatokea herufi za T na tarakimu tatu.

Sehemu ya buti na dashibodi inasema lilitayarishwa. Milango inasema halikuvaa namba ya mashindano, angalau si kwa milango hiyo, nayo pete zake zinalingana na za bodi. Gari la namna hiyo kwa kawaida ni la mazoezi ya kujifunza njia, au la mafundi waliofuata timu. Niliandika hivyo safu ya tatu na nikamsomea bibi mwenye nyumba kwa sauti.

Akaniuliza, "Kwa hiyo halikushinda?"

Nikamwambia, "Hapana bibi, hili halikushinda."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema mumewe alilinunua kwa fundi mmoja wa mjini kabla ya lami, na kwamba kwa miaka tisa lilikuwa gari pekee kijijini. Lilibeba ndizi kwenda sokoni na wajawazito kwenda hospitali ya misheni, na watoto watatu walizaliwa humo njiani wakati wa masika. Aliwataja kwa majina, na mmoja wao akaitwa aje asimame mbele yetu, mtu mzima mwenye mvi. Nilifungua ukurasa mpya wa safu ya pili, ukajaa wote.

Sasa limeinuliwa juu ya matofali na kuezekwa mabati. Mjukuu amepiga picha ya zile herufi za T, na Desemba akiwa Dar es Salaam atapita maktaba na orodha ya miaka minne ya Pasaka ya kuanzia.